Mtoto Akiugua, Nani Alaumiwe?

Mama mpendwa, mtoto wako akishikwa na degedege usiku wa manane, ukiisha kumwita Mungu, ni jina la nani linalokujia kichwani? Usilitaje. Sisi pia hatukulitaja tulipoulizwa swali hili kwa mara ya kwanza. Tulikuwa tumekaa kwenye mabenchi ya ukumbi wa kanisa mjini Makambako, tumejitanda khanga juu ya masweta kwa baridi ya Juni, huku malori ya barabara kuu yakinguruma nje. Tulitazamana, kisha kila mmoja akatazama chini. Kila mmoja wetu alikuwa na jina lake.

Aliyetuuliza ni mwalimu mstaafu wa kikundi chetu. Mkononi alikuwa na karatasi za mchezo wa kuigiza ambao aliutafsiri mwenyewe kutoka Kiingereza, jioni baada ya jioni. "Kiini cha mchezo huu kiko hapo hapo," alisema. "Kiko katika chumba cha mtoto mgonjwa."

Kikundi chetu kina akina mama kumi na wanne. Wengine tunaishi Njombe mjini, wengine Makambako, mwendo wa kilomita zipatazo 60, na tunakutana kwa zamu huku na huko. Wamo wakulima wa viazi na mahindi, mafundi cherehani wawili, walimu, na sisi wauguzi. Kila mwaka tunatayarisha mchezo kwa ajili ya sikukuu ya akina mama kanisani. Tumekwisha kuigiza Ruthu na Naomi, tumeigiza Esta, tumemwigiza Mwana Mpotevu mara nyingi hata watoto wanajua maneno ya baba yake kuliko sisi. Mwaka huu tulitaka kitu kipya. Hatukutegemea kwamba kitu kipya kingekuwa cha mwaka 1836, wala kwamba kingehusu uchawi.

Kwa nini tukubali kuigiza uchawi?

Haikuwa rahisi kukubaliana. Wengine walisema ukumbi wa kanisa si mahali pa kutaja jambo hilo, na kwamba kulitaja ni kulipa heshima. Mjadala ulichukua jioni nzima. Mwishowe tuliona kwamba kunyamaza hakujatusaidia.

Sisi wa Njombe tunajua. Mwishoni mwa mwaka 2018 na mwanzoni mwa 2019 watoto wapatao kumi waliuawa katika mkoa wetu, na serikali ilihusisha mauaji yale na imani za kishirikina. Akina mama tuliacha mashamba na biashara ili kuwasindikiza watoto shuleni asubuhi na kuwarudisha mchana. Mtoto ambaye jana alitumwa dukani peke yake, leo hakuruhusiwa kwenda hata bombani. Ilikuwa huzuni ambayo mpaka sasa hatujui kuizungumza.

Uchawi unaua kwa njia mbili. Kuna anayeuawa kwa sababu mtu ameambiwa na mganga kwamba kiungo cha binadamu kitamletea utajiri. Na kuna anayeuawa kwa sababu ametajwa kuwa mchawi. Tangu miaka ya 1970 wazee wengi, hasa akina bibi wa mikoa ya Kanda ya Ziwa, wameuawa kwa kutajwa hivyo, na mara nyingi ushahidi ulikuwa macho mekundu. Njia hizi mbili zina mzizi mmoja, nao ni kuamini kwamba bahati yangu au mkosi wangu umo mikononi mwa mtu mwingine.

Sisi wauguzi tuna la kuongeza. Katika miaka ya 1990 tuliwauguza vijana wengi wa wilaya hii waliokuwa wakikonda na kukohoa. Majumbani haikusemwa kwamba ni ukimwi. Ilisemwa wamerogwa. Hata baadaye, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2011–12 ulionyesha kwamba asilimia 14.8 ya watu wenye umri wa miaka 15 hadi 49 mkoani Njombe walikuwa wanaishi na virusi vya ukimwi, kiwango cha juu kuliko mkoa mwingine wowote nchini. Hebu fikiri ni bibi wangapi, mashangazi wangapi na wake wenza wangapi walibebeshwa vifo vile. Kijana alizikwa, na aliyebaki hai akazikwa kwa maneno.

Bibi Joanna ni nani?

Mwandishi wa mchezo huu ni Joanna Baillie. Alizaliwa mwaka 1762 huko Bothwell, Uskoti, binti wa mchungaji. Ng'ambo ya mto kutoka Bothwell ni Blantyre, alikozaliwa David Livingstone mwaka 1813, yule ambaye jina lake limebaki kwenye milima ya mkoa wetu upande wa Ziwa Nyasa. Kwa hiyo mama huyu si mgeni sana kwetu. Anatoka upande wa pili wa mto wa mtu tunayemfahamu.

Nyumba yao ilijaa watu wa tiba. Kaka yake, Matthew, alikuwa daktari. Mjomba wake, William Hunter, alikuwa daktari mashuhuri wa uzazi aliyemhudumia Malkia Charlotte wa Uingereza. Sisi wauguzi tulifurahi kusikia hayo, kwa maana ndani ya mchezo tulikuwa tumekwisha kuona jicho la mtu aliyekaa karibu na wagonjwa.

Joanna hakuolewa. Aliishi na mama yake na dada yake Agnes karibu na London, akaandika michezo zaidi ya ishirini. Kitabu chake cha kwanza cha michezo alikitoa mwaka 1798 bila kuweka jina, na wasomaji wengi walidhani mwandishi ni mwanamume. Mwaka 1800 mchezo wake mmoja, De Monfort, ulionyeshwa katika ukumbi mkubwa wa Drury Lane mjini London. Mwandishi maarufu Walter Scott alimsifu hadharani. Sehemu ya mapato yake aliitoa sadaka. Mchezo wake mwingine, The Bride, uliotoka mwaka 1828, aliuandikia watu wa kisiwa cha Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, kwa nia utafsiriwe katika lugha yao. Tuliposikia hilo, mwalimu wetu alipumua. Alikuwa na wasiwasi kama ana haki ya kumhamisha mama huyu hadi Kiswahili, kumbe mwenyewe alikwisha kuufungua mlango.

Mchezo wetu unaitwa Witchcraft, maana yake Uchawi. Joanna aliutoa mwaka 1836, akiwa amepita miaka sabini. Baada ya kifo chake mwaka 1851 jina lake lilififia. Vitabu vya wanaume wa zama zake viliendelea kufundishwa shuleni, vyake vikakaa kwenye makabati. Katika miaka ya karibuni wasomi wamemrudia, na mwaka 2008 ukumbi mdogo wa Finborough mjini London uliuonyesha mchezo huu. Basi sisi si wa kwanza kuufufua. Lakini tulikuwa na sababu yetu wenyewe.

Yaliyotokea kweli

Joanna hakuvumbua tu. Alisoma habari za kesi iliyotokea katika jimbo la Renfrew, Uskoti. Mwaka 1696 binti wa miaka 11, Christian Shaw, wa nyumba ya Bargarran, alimwona mtumishi wa ndani, Catherine Campbell, akiiba maziwa ya kunywa, akamwambia mama yake. Mtumishi alikasirika akamlaani. Siku chache baadaye mtoto akaanza kupatwa na degedege, kujikunja na kupiga kelele. Alipelekwa kwa daktari mjini Glasgow. Ilisemekana alikuwa akitoa mdomoni nywele, majani makavu na makaa. Akaanza kutaja majina, mtumishi yule akiwemo, na bibi mzee mmoja aitwaye Agnes Naismith.

Watu saba walihukumiwa kufa. Mmoja alijinyonga gerezani. Tarehe 10 Juni 1697 wale waliofikia siku hiyo wakiwa hai walinyongwa na kuchomwa moto mjini Paisley, mbele ya umati.

Akina mama, mji huo wa Paisley mnaujua bila kujua. Lile umbo la korosho lililopindika, ambalo limo kwenye khanga nyingi makabatini mwetu, Wazungu huliita kwa jina la mji huo, kwa sababu baadaye mji ulipata sifa kwa kufuma mashali yenye umbo hilo. Na yule mtoto Christian alipokua akawa mwanzilishi wa biashara ya nyuzi za kushonea huko kwao. Alipona, akafanya kazi, akaheshimiwa. Waliotajwa naye hawakurudi.

Mchezo wenyewe

Katika mchezo wa Joanna, mama mmoja mjane mwenye heshima, Bibi Dungarren, anauguza binti yake Jessie. Ugonjwa haueleweki. Mama anaogopa. Katika nyumba ile anakaa msichana aitwaye Annabella, ambaye anampenda Robert, kijana wa nyumba. Lakini Robert anampenda Violet, binti maskini ambaye baba yake alihukumiwa kwa kosa la kuua, na watu wote wanaamini amekwisha kufa.

Kumbe baba yu hai, amejificha. Violet anakwenda kuonana naye usiku porini. Anaonekana huko, usiku wa dhoruba, na mtu ambaye wote wanajua ni marehemu. Hawezi kujitetea, kwa sababu akisema kweli baba yake atakamatwa.

Annabella anaona nafasi yake. Anapata kipande cha nguo ya Violet, kisha anadai kwamba kilichanika mkononi mwake Violet alipokuwa akitoroka kutoka chumba cha mtoto mgonjwa. Kitambaa kidogo tu, kinachotosha kiganja. Kinakuwa ushahidi. Violet anahukumiwa kufa pamoja na mwanamke maskini, Mary Macmurren, mama wa kijana mwenye upungufu wa akili.

Joanna ameweka pia wanawake ambao kweli wanajiona wachawi. Kiongozi wao, Grizeld Bane, amerukwa na akili. Wenzake ni maskini waliodharauliwa, ambao wamegundua kwamba mtu anayeogopwa angalau anasikilizwa. Kwa mwandishi wa mwaka 1836, hilo lilikuwa jambo la kushangaza. Hakuwaonyesha kama mashetani. Aliwaonyesha kama wagonjwa na wenye njaa.

Mwishoni, wakati moto unangoja, baba anajitokeza hadharani, na habari inafika kwamba sheria ya kuwaua wachawi imefutwa. Violet anaokoka. Annabella haokoki. Ananyongwa na yule mwenda wazimu, Grizeld.

Sheria hiyo ilifutwa kweli mwaka 1736. Hapo ndipo tulipokaa kimya wakati wa kusoma. Wale wa Bargarran walikufa mwaka 1697. Kwao hakuja mjumbe yeyote.

Alichokijua Joanna

Tulisoma mchezo mara tatu kabla ya kuuelewa. Mara ya kwanza tulimchukia Annabella. Mara ya pili tulimhurumia Violet. Mara ya tatu mama mmoja mkulima, ambaye huwa hasemi sana, aliuliza, "Mbona hatumsemi Bibi Dungarren?"

Alikuwa na haki. Bibi Dungarren si mwovu. Ni mcha Mungu, ni mama mwema, hajalala siku kadhaa kwa sababu ya mtoto wake. Ni sisi. Wivu wa Annabella peke yake ungekuwa maneno ya jikoni tu. Ulipata nguvu kwa sababu uliingia katika hofu ya mama mwema. Jambo hili, kwa maoni yetu, mwanamke ndiye angeliona upesi. Mashtaka ya uchawi hayaanzii mahakamani wala kwenye mkutano wa kijiji. Yanaanzia kando ya kitanda cha mtoto, na anayekaa kando ya kitanda hicho ni mama, pamoja na rafiki aliyekuja kumpa pole.

Wapiga ramli chonganishi wanafahamu sana jambo hili. Hawakutajii adui usiyemjua. Wanakuuliza maswali mpaka wewe mwenyewe umtaje, kisha wanakuuzia jina lako mwenyewe.

Tuseme kwa lugha ya zahanati

Kama wauguzi tuliomba nafasi ya kusema machache, na tunayarudia hapa. Degedege kwa mtoto mdogo mara nyingi huletwa na homa kali ya ghafla. Huenda ni malaria iliyopanda kichwani, huenda ni homa ya uti wa mgongo, na ikijirudia bila homa huenda ni kifafa. Mlaze mtoto kwa ubavu, mpunguzie nguo, usimtie kitu chochote mdomoni, mkimbize kituo cha afya. Saa utakayoitumia kutafuta jina la mbaya wako inaweza kuwa ndiyo saa ya uhai wake.

Bibi mwenye macho mekundu amepika kwa kuni miaka sitini katika jiko lisilo na dirisha. Moshi ndio uliomroga. Bibi anayekutwa nje alfajiri hana nguo, hajui alikotoka, hajaanguka kutoka kwenye ungo. Huo ni ugonjwa wa usahaulifu wa uzeeni, unaoharibu ubongo pole pole, na anayeugua anahitaji blanketi na mtu wa kumshika mkono kumrudisha nyumbani. Anayeamka usiku akaona amekabwa na hawezi kupiga kelele ameshikwa na jinamizi: ubongo umeamka kabla ya mwili. Na anayekiri kwamba ameua watu kwa uchawi, kama Grizeld, huenda akili yake imeugua. Kukiri kwake si ushahidi, ni dalili.

Kanisa nalo

Hatukutaka kuficha sehemu hii, ingawa ilituuma. Huko Uskoti inakadiriwa watu wapatao 4,000 walishtakiwa kwa uchawi, wengi wao wanawake, na zaidi ya nusu waliuawa. Wachungaji na wazee wa kanisa walishiriki kuwahoji. Walishika mstari mmoja wa kitabu cha Kutoka, sura ya 22, wakausahau ule unaokataza kumshuhudia jirani uongo. Tarehe 8 Machi 2022 kiongozi wa serikali ya Uskoti, Nicola Sturgeon, aliomba radhi bungeni kwa niaba ya serikali. Mwezi Mei mwaka huohuo mkutano mkuu wa Kanisa la Uskoti nao uliomba radhi. Ni karibu miaka mia tatu baada ya sheria kufutwa.

Mama mmoja alisema, "Kama kanisa la huko limeweza kuomba radhi kwa wafu, sisi tushindwe kwa walio hai?" Wakati ule hatukujua maneno hayo yatatupeleka wapi.

Khanga iliyochanwa

Kuigiza kwenyewe kulikuwa na kazi. Majina ya Kizungu tuliyaacha makusudi, ingawa watoto walicheka kila tulipotamka Dungarren. Tungeweka majina ya hapa, mtu angesema tunamsengenya jirani fulani. Mavazi hatukuhangaika nayo. Nguo ya Violet ikawa khanga, na hapo mchezo ukawa wetu kabisa, kwa sababu kila mwanamke anaijua khanga ya jirani yake hata ikiwa kipande cha kiganja. Fundi wetu wa cherehani alikataa kuichana khanga nzima. Tulimpa iliyokwisha kuchakaa.

Tuliazima pia njia ya akina mama wa nchini mwetu. Penina Muhando, aliyeandika Hatia mwaka 1972 na Nguzo Mama mwaka 1982, na mwenzake Amandina Lihamba, wote wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika miaka ya 1980 walikwenda vijijini na sanaa za maonyesho ambazo wananchi wenyewe wanataja tatizo, wanaliigiza, kisha wanakaa kulijadili. Nasi tukaamua kusimamisha mchezo katikati. Onyesho la Annabella kupata kile kipande tuliliondoa mahali pake. Watazamaji waliona kitambaa tu, kama majirani wa Violet walivyokiona. Kisha mwalimu akasimama mbele, akauliza: anayeamini kwamba Violet aliingia chumba cha mtoto ainue mkono.

Ilikuwa Njombe, Jumapili alasiri, ukumbi umejaa. Mikono mingi iliinuka. Iliinuka mikono ya wazee wa kanisa, ya wanakwaya, ya vijana waliosoma. Baba mmoja aliinua mkono akiwa amempakata mtoto wake. Mwalimu hakusema kitu. Alirudisha onyesho lile lililoondolewa. Annabella akatokea na ile khanga, akaonyesha jinsi alivyokipata kipande chake. Mikono ilishuka mmoja mmoja. Katika mazungumzo yaliyofuata, baba yule alisema, "Mimi ningebeba kuni." Hakuna aliyecheka.

Jina lililotajwa

Sasa tuseme lililotupata wenyewe. Aliyeigiza Annabella ni mwenzetu ambaye mwaka uliotangulia alifiwa na mjukuu. Mtoto alishikwa na homa jioni, asubuhi hakuwapo. Baada ya maonyesho, tulipokuwa tukikunja mavazi, alikaa chini na kile kipande cha khanga mkononi.

"Mimi nilitaja jina," alisema.

Alikuwa amemtaja bibi mmoja jirani, kwa mtu mmoja tu, siku ya matanga, kwa sauti ya chini. Yule mtu mmoja alitosha. Tangu hapo hakuna aliyenunua mboga kwa bibi yule. Watoto waliambiwa wasipite mbele ya nyumba yake. Usiku mmoja mtu alirusha mawe juu ya bati. Na sisi wengine, tunaojiita wanakikundi, tulikuwa tumeyasikia. Wengine wetu tuliacha kumsalimia. Mmoja wetu ni muuguzi aliyejua kabisa kwamba mtoto yule alikuwa na dalili zote za homa ya uti wa mgongo. Hakusema kitu msibani, kwa kuogopa kuonekana anawafundisha wafiwa. Kwa hiyo Annabella hakuwa mmoja. Violet alihukumiwa na mmoja aliyesema na wengi walionyamaza.

Wiki iliyofuata tulikwenda watano, mwenzetu akiwa mbele. Tulimkuta bibi anachambua maharage mlangoni. "Kamwene, bibi," tulisema. Aliitikia. Mwenzetu alipiga magoti, akasema yote bila kuficha, na kwamba amekwisha kurudi kwa yule aliyemwambia na kumweleza kuwa alikosea. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, mikono yake haikuacha maharage.

"Nimesikia," alisema.

Hakusema amesamehe. Alituletea viazi vya kuchemsha na chai, tukala, lakini hakutuuliza habari za nyumbani kama ilivyo desturi. Tulipoaga alimwambia mwenzetu, "Sokoni nakaa palepale." Basi. Tangu siku hiyo tunanunua mboga kwake, na tunakaa kidogo mbele ya meza yake ili watu watuone. Wengine wameanza kuja. Wengine bado wanapita upande wa pili. Jina ulilolitaja kwa mtu mmoja kwa dakika moja, unalirudisha nyumba kwa nyumba kwa mwaka mzima.

Tunatarajia kuonyesha mchezo tena Makambako, karibu na stendi, ambako wasafiri wa Songea na Mbeya wataweza kuuona. Mama uliye mbali, huhitaji jukwaa. Akina mama watano, khanga moja iliyochakaa na jioni moja vinatosha.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Mtoto wa jirani akifa ghafla, maneno gani husemwa jikoni wakati wa matanga? Nani huyaanzisha, na nani huyapeleka nje?

2. Bibi Dungarren alikuwa mama mwema. Ni wakati gani alipaswa kumwambia Annabella, "Inatosha"?

3. Katika mtaa wako, ni mzee gani ambaye watoto wamekatazwa kupita mlangoni kwake? Mara ya mwisho ulimsalimia lini?

4. Kituo cha afya kilicho karibu nawe kiko umbali gani, na usiku utafikaje huko na mtoto mwenye degedege? Pangeni leo, kabla ya homa.

5. Je, kuna jina uliloanza kulitaja wewe? Ulimwambia nani? Utarudi kwake lini?